Hodi Kabla ya Uchungu: Simulizi ya Safari za Majumbani kwa Wajawazito na Wenye Watoto Wachanga

Jumapili jioni

Kesho naanza kufuatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye ziara zake za majumbani. Mimi ni muuguzi, miaka yangu mingi nimeimalizia wodi ya wazazi, na wajawazito ninaowafahamu ni wale wanaofika: mwingine kasindikizwa, mwingine kabebwa, mwingine kaja peke yake na kadi mkononi uchungu ukiwa umeshachanganya. Yaliyompata kabla hajavuka mlango wetu nayasoma kwenye kadi, na kadi ina nafasi finyu. Nimeomba ruhusa nikayaone yale ambayo kadi haina pa kuyaandika.

Mhudumu huyu amenizidi umri. Namwita dada, naye ananiita nesi. Jioni hii amenifungulia begi lake nilione. Kipimajoto. Mizani ya kichanga, ile ya kuning'iniza yenye kitambaa. Utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto. Saa ya kuhesabia pumzi. Paketi za chumvichumvi za kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, kwa mtoto anayeharisha. Kitabu cha picha kilichochakaa pembeni, mdoli wa kitambaa wa kufundishia kunyonyesha, rejesta, fomu za rufaa. Hamna sindano wala dripu. Nilipomuuliza ni kitu gani humo anachokitegemea zaidi, hakugusa chochote kwenye begi. Alisema: "Nikiaga leo kwamba nitarudi Alhamisi, Alhamisi wanione. Nisipoonekana, siku nyingine nitabisha hodi hadi nichoke."

Jumatatu

Tumetoka asubuhi jua halijakaza. Njia ni ya kupanda, na dada anatembea kwa mwendo wa mtu anayejua ana nyumba nyingi za kufikia mpaka jioni: hakimbii wala hasimami.

Nyumba ya kwanza ni ya binti mwenye mimba yake ya kwanza, miezi mitano na ushee. Tumemkuta mama mkwe wake nje. Wodini ningeanza moja kwa moja na mgonjwa wangu. Dada aliketi na mama mkwe. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni." Kisha maongezi yakaenda taratibu: watoto wa mama huyu amewazaa wapi, yupi alimsumbua, nani alikuwa naye siku zile. Yule mama alisimulia uzazi wake wa pili kwa kirefu, damu ilivyomtoka na alivyobebwa usiku, na binti wa watu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Nadhani alikuwa hajawahi kuisikia habari ile. Ilipokwisha, dada alisema tu, "Basi wewe unajua kwa nini tunataka huyu asichelewe." Tangu hapo mama mkwe alikuwa upande wetu. Na ni yeye mwenye kauli katika nyumba ile: akisema kliniki, watu wanakwenda kliniki.

Ndipo likaja jambo la vidonge. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ameze kila siku madini ya chuma, miligramu 30 hadi 60, pamoja na foliki asidi miligramu 0.4, ili damu isipungue na mtoto asizaliwe na uzito mdogo. Kadi ya binti inaonyesha amepewa. Mimi ningeuliza, "Unakunywa vidonge vyako?" na angenijibu ndiyo, nami ningeweka alama ya vema. Dada aliuliza, "Unavitunzia wapi? Hebu nione." Binti aliingia ndani, akakawia, akatoka na karatasi ya dawa ikiwa karibu kamili. Vidonge vichache tu vilikuwa vimetoka.

Hakukaripiwa. Dada alinyamaza akimngoja, na baada ya kitambo binti akasema mwenyewe: choo kilikuwa cheusi, akaogopa kwamba kuna kitu kinaoza tumboni, au mtoto anadhurika. Asubuhi vilimletea kichefuchefu pia. Hakumwambia mtu. Dada akamweleza kwamba weusi ule ni madini yaliyozidi yanapita na njia yake, haumdhuru yeye wala mtoto, na kama asubuhi vinamchafua moyo basi avimeze usiku akishakula, akienda kulala. Mama mkwe akadakia kwamba yeye atamkumbusha. Wakakubaliana vikae mahali panapoonekana, si chini ya godoro.

Nimekaa nikiwafikiria wanawake wote niliowapokea wakiwa weupe viganjani, damu iko chini, saa ya kujifungua imefika, na kadi zao zimejaa alama kwamba vidonge vilitolewa. Vilitolewa kweli. Swali la pili, lile la "hebu nione", linahitaji mtu awe amekaa nyumbani kwao.

Tulimaliza kwa mpango wa kujifungua, wakitumia kitabu cha picha. Atajifungulia wapi. Usafiri wa usiku ni wa nani, na namba yake imeandikwa wapi. Nani atamsindikiza. Nani yuko tayari kutoa damu ikihitajika. Nani atabaki na nyumba. Mume wake alikuwa kazini, wakampigia simu na kuweka sauti ya nje, akajibu la usafiri yeye mwenyewe. Halafu dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma kupita kiasi, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni, chupa kupasuka kabla ya wakati. Dada alimtaka binti azitaje kwa maneno yake, akasahau mbili, mama mkwe akazitaja.

Tangu 2016 pendekezo la kimataifa ni mjamzito aonane na mtoa huduma angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12. Huyu ameanza kwa kuchelewa, mahudhurio ya mwanzo yameshampita. Dada hakupoteza muda kwa yaliyopita. Alimwandikia tarehe inayofuata.

Jumanne

Katika rejesta, mama wa nyumba ya leo alikuwa mjamzito wa wiki 38. Tulipokata kona dada alisimama ghafla. Kwenye kamba kulikuwa na nguo za kichanga zimeanikwa.

Mtoto ana siku tano. Alizaliwa hospitali, mama akaruhusiwa kesho yake, akarudi nyumbani. Hakuna aliyempa dada habari.

Siku hizi tano zina uzito wake. Karibu robo tatu ya vifo vya watoto wa chini ya siku 28 hutokea ndani ya wiki ya kwanza ya maisha. Ndiyo maana ratiba ya kumwangalia mama na mtoto imepangwa karibu karibu mwanzoni: saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Ya siku ya tatu ndiyo hupotea kuliko zote, maana mama ameshatoka kwetu na bado hajafika popote pengine.

Dada alinawa mikono kwa sabuni, akamwomba mama amfunue mtoto kifua mwenyewe, akashika saa yake na kuinua kidole ili tunyamaze. Anahesabu dakika nzima, haipunguzi. Kifua cha kichanga hakipandi kwa mpangilio, hukimbia, husita, hukimbia tena. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili unajidanganya. Hesabu ya kwanza ilitoka 63. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari, lakini sharti uhesabu tena, kwani huenda alikuwa ametoka kulia. Tukasubiri. Mama hakupepesa macho. Hesabu ya pili: 51. Joto 36.8. Kitovu kikavu, ngozi inayokizunguka haina wekundu. Viganja na nyayo hazina umanjano. Anashtuka akiguswa, analia kwa nguvu.

Tatizo lilikuwa kwenye ziwa. Chuchu zimepasuka, mama anauma meno kila mtoto akishika, na bibi wa mtoto ameshaanza kusema maziwa hayatoshi, apewe maji kidogo. Dada hakubishana na bibi. Alitoa mdoli, akajipakata ubavuni, akamwonyesha mama: mwili wa mtoto wote umgeukie, pua ielekee chuchu, asubiri mdomo ufunguke wazi kabisa, kisha amlete mtoto kwenye ziwa, si kulipeleka ziwa kwa mtoto. Kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ubinuke kwa nje, weusi wa ziwa uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mara ya kwanza mtoto alishika chuchu tupu, mama akamtoa kwa kupitisha kidole pembeni ya mdomo. Baadaye akashika vizuri, na nikaona mabega ya mama yakishuka. Tukasikia mtoto akimeza. Bibi alisogea akainama kusikiliza.

Hapo ndipo dada akamgeukia bibi na kumwambia kwamba mtoto amepungua gramu 150 tangu azaliwe, kwamba kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, kwamba kwa miezi sita maziwa ya mama yana maji na chakula chote anachohitaji, na kwamba tutarudi keshokutwa kumpima tena. Bibi alikubali asubiri hadi keshokutwa. Ilitosha.

Usiku huu nimewakumbuka madaktari Abhay Bang na Rani Bang wa Gadchiroli, wilaya ya mashambani katika jimbo la Maharashtra nchini India. Katika miaka ya 1990 waliwafundisha wanawake wa vijijini kuwatembelea wajawazito na vichanga, kuhesabu pumzi, kupima joto na uzito, kumtia mtoto joto, na kutibu maambukizi kwa antibiotiki palepale nyumbani familia ilipokuwa haiwezi kwenda hospitali. Matokeo yalichapishwa 1999: kufikia mwaka wa tatu, vifo vya vichanga katika vijiji vile vilikuwa pungufu kwa asilimia 62 vikilinganishwa na vijiji visivyo na huduma hiyo. Wale wanawake hawakuwa wauguzi. Walikuwa karibu, na walipewa habari mtoto anapozaliwa. Hilo la pili ndilo linaloniuma leo. Wodini tunamruhusu mama, tunampa kadi, tunamwambia arudi kliniki, na kitanda kinatandikwa kwa ajili ya mwingine. Hakuna utaratibu wa kumjulisha mhudumu wa kule anakokwenda.

Jumatano

Mvua tangu alfajiri. Nyumba mbili milango imefungwa, wenyewe wametoka kutafuta riziki. Dada amepachika kikaratasi kwenye kila mlango chenye siku atakayorudi, na ameandika hivyo hivyo kwenye rejesta: "hawakupatikana", si "ziara imefanyika". Nimeliheshimu hilo.

Nyumba moja tu imetupokea, ya mtoto njiti aliyetoka hospitali akiwa na kilo 1.9. Baba ndiye tuliyemkuta amemfunga kifuani ngozi kwa ngozi, kichwa cha mtoto kimegeuzwa upande, kofia imefunika masikio. Mama alikuwa amelala. Njia hii ya kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipozidiwa na watoto huku mashine za joto zikiwa chache, na leo inapendekezwa hata palipo na mashine, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Dada aliangalia ufungaji, akateremsha kitambaa kidogo ili kidevu kisiinamie kifuani na kuziba njia ya hewa. Akapima uzito: amepanda. Baba akauliza kama akiwa amekaa kwenye kiti inafaa au lazima alale chali. Inafaa, mradi aegemee nyuma.

Tukarudi tumelowa.

Alhamisi

Tulianza kwa yule mtoto wa Jumanne. Ameongezeka. Chuchu za mama zinapona. Bibi ndiye aliyetueleza mtoto alinyonya mara ngapi usiku.

Kisha tukaenda mbali, upande wa pili wa mto, kwa mtoto wa miezi kumi na minne. Dada alimpima mkono kwa ule utepe. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kijani kinaanzia sentimita 12.5, njano iko kati ya 11.5 na 12.5, na chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, rufaa bila kungoja. Huyu alikuwa njano wiki zilizopita. Leo kijani, tena cha mpakani. Chanjo zake zote zipo kwenye kadi.

Lakini mtoto yule alikuwa kimya mno. Mama yake anampenda, hilo halina swali. Ni msafi, ameshiba, na muda wote yuko karibu naye. Ila hamsemeshi. Alituambia waziwazi: "Hajajua kusema, nitaongea naye nini?"

Nilitegemea dada aanze kucheza na mtoto. Alifanya kinyume. Alitoa chupa tupu ya plastiki yenye mbegu ndani, akajaribu kifuniko kwa nguvu zake zote kuhakikisha hakifunguki, na akampa mama. "Mpe wewe, halafu mwangalie anachofanya." Kisha akasogea nyuma akaegemea ukuta.

Mtoto akaipokea, akaitikisa, akashtuka na sauti, akamtazama mama yake. Mama akacheka. Mtoto akatikisa tena. Mama akasema, "Chakacha!" Mtoto akasimamisha mkono, akamtazama mdomo. Mama akarudia. Mtoto akatoa sauti, si neno, sauti tu, na mama akaitikia kana kwamba ameambiwa jambo kubwa. Wakaenda hivyo, huyu anatoa huyu anapokea, na sisi tulikuwa tumesahaulika kabisa. Baba alikuwa amesimama nje ya kizingiti akichungulia. Dada alichukua vikombe viwili vya plastiki, akamkabidhi bila maelezo. Akaingia, akakaa chini, akafunika kikombe kimoja kwa kingine. Mtoto akatambaa kwenda kwake.

Mwishoni dada alisema alichokiona tu: "Ulipomwitikia, akarudia. Umeona?" Kazi aliyowaachia ni hiyo chupa, na kumtajia mtoto kila anachokiona wakati wa kumwogesha na kumvalisha. Nguo, mkono, maji. Wiki ijayo watamwonyesha.

Kwa anayedhani huu ni mchezo wa kupitisha muda, kuna kazi iliyofanyika Kingston, Jamaica. Mwaka 1986 na 1987 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi ya familia zilitembelewa na mhudumu wa jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili, mama na mtoto wakafundishwa kucheza na kuongea, vitu vya kuchezea vikitengenezwa kwa vilivyopo. Walipofuatiliwa miaka ishirini baadaye, waliochezeshwa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakupata ziara hizo. Waliopewa chakula cha nyongeza peke yake hawakuonyesha faida hiyo ya muda mrefu. Mimi, niliyefundishwa kuthamini kilo na gramu, nimehitaji kulisoma jambo hilo zaidi ya mara moja.

Njiani kurudi nilimweleza dada pia habari za Uingereza, kwa sababu sitaki kumsifia kazi yake kwa nusu ya ukweli. Mpango wa wauguzi kuwatembelea akina mama wa mimba ya kwanza ulianzia Marekani, kwa mtafiti David Olds, katika mji wa Elmira, jimbo la New York, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukarudiwa Memphis na Denver, na baada ya miaka 15 familia zilizotembelewa kule Elmira zilikuwa na kesi chache zaidi za watoto kudhulumiwa au kutelekezwa. Uingereza wakauchukua, wakaupima kwa akina mama 1,645 wa umri usiozidi miaka 19, na matokeo ya 2015 yakaonyesha kwamba kwa yale makuu waliyoyalenga, uvutaji sigara, uzito wa mtoto, mimba ya pili ya haraka na watoto kukimbizwa hospitali kwa dharura, haukuongeza kitu juu ya huduma za kawaida. Dada alitembea kimya, kisha akauliza, "Na hao ambao hawakuwa kwenye mpango, walikuwa hawatembelewi na mtu?" Walitembelewa. Kule wakunga na wauguzi wa afya ya jamii tayari wanamfikia kila mama. Basi, akasema, hawakulinganisha na nyumba isiyofikiwa na mtu. Naona amegonga penyewe. Ziara inazaa matunda kulingana na pengo inaloziba, na kabla ya kuanzisha mpango wowote ni lazima ujue pengo liko wapi.

Ijumaa

Sehemu ya leo sitaiandika yote, na nina sababu.

Tulikwenda kwa mama mwenye mtoto wa miezi mitatu. Mtoto hana neno. Mama alijibu kila swali kwa sauti moja, "Nzuri", "Anaendelea", "Hakuna shida", na macho yake hayakutua kwa mtoto hata mara moja. Dada alinitazama, akaniomba nitoke na shangazi wa nyumba ile nikamwangalie presha yake huko nje. Nilielewa. Maswali ya moyo hayaulizwi mbele ya watu, na mimi kwa mama yule nilikuwa watu.

Nilikaa na shangazi kwa muda mrefu. Dada alipotoka alinieleza yale tu yaliyonihusu kama muuguzi: kwamba amemuuliza kuhusu usingizi, hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, kujilaumu, na swali lile ambalo wengi huliogopa, kama amewahi kuwaza kujidhuru. Kwamba kumuuliza mtu swali hilo hakumpandikizii wazo. Humpa nafasi ya kulitua. Kwamba hakuwa na nia ya kujidhuru, lakini huzuni yake imekwenda wiki nyingi na imezidi ile ya siku chache za mwanzo inayowapata wazazi wengi na kupita. Amempa rufaa, atakwenda naye mwenyewe Jumatatu, na kabla ya hapo atampitia Jumapili. Mama ameridhia. Mengine yamebaki chumbani.

Huko Pakistan, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kike wa vijijini mbinu za mazungumzo za kutibu sonona, ile huzuni nzito isiyokwisha, wakaziingiza ndani ya ziara zao za kawaida kwa wajawazito na wazazi. Hawakuwa wataalamu wa akili. Matokeo ya 2008: miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya waliotembelewa hivyo walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 ya wenzao. Wodini kwetu mama huyu tungemwona ni mzima. Mtoto ana uzito mzuri, kidonda kimepona, aende nyumbani.

Mchana tukiwa njiani simu ya dada iliita. Ni mwanamke wa mimba ya wiki 35, mimba ya pili, aliyekuwa kwenye orodha ya wiki ijayo. Alisema kichwa kinamgonga tangu jana na leo anaona vinyota. "Dada, si ulisema nikiona hivi nisingoje?" Tuligeuza hapo hapo. Uso ulikuwa umevimba kiasi cha macho kuwa madogo. Nilikuwa na mashine yangu ya presha: 168 kwa 112. Nikapima mkono wa pili, hali ile ile. Hicho ni kifafa cha mimba kinabisha, na nyumbani hakina tiba. Namba ya usafiri ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda, kama walivyopanga. Mume akapiga. Dada akaandika rufaa akiwa amesimama. Mimi nikapiga wodini nikaongea na mkunga wa zamu: mgonjwa gani, presha ngapi, anafika baada ya muda gani, waandae magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Dada aliondoka naye. Jirani akabaki na mtoto mkubwa, naye alikuwa kwenye mpango tangu mwanzo.

Jumamosi

Habari ya kwanza asubuhi: amepasuliwa usiku. Hakupata degedege. Mtoto wa kike, kilo 2.2, yuko kifuani kwa mama yake.

Leo ni kikao cha wahudumu na msimamizi wao. Nimeketi nyuma nikisikiliza, na kwa saa nzima kulizungumzwa fomu. Mwezi huu zimeongezeka mbili. Mhudumu mmoja alisema anatumia muda mwingi kujaza kuliko kumsikiliza mama, na wenzake wakaguna kumuunga mkono. Mwingine ana nyumba nyingi kiasi kwamba akimtembelea kila mjamzito mara moja kwa mwezi, hapati siku ya kurudi kwa mwenye tatizo. Na posho ya baadhi yao haijafika kwa muda mrefu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu wa jamii, na jambo hili liliwekwa bayana: walipwe kulingana na kazi, saa na ujuzi unaotakiwa, wawe na mkataba, wasimamiwe kwa kusaidiwa, na idadi ya watu wanaowahudumia iangaliwe. Anayepanga mpango wa ziara za majumbani huku akitegemea wanawake hawa wajitolee miaka nenda miaka rudi anapanga ziara za miezi michache. Nimesimama nikasema hivyo kikaoni, na nitaliandika pia kwenye taarifa ninayoipeleka hospitali.

Msimamizi, kwa haki yake, hakujitetea. Fomu moja ameiondoa papo hapo, kwa kuwa yote yaliyomo yako kwenye rejesta. Suala la posho amesema halimo mikononi mwake, ila atalipeleka kwa maandishi pamoja na majina na miezi inayodaiwa.

Mchana nilikwenda wodini na dada tukaonana na mkuu wa wodi. Nilimweleza habari ya nguo za kichanga kwenye kamba. Hakuhitaji kushawishiwa sana. Alitaka kujua nani atapiga simu na kwa salio la nani. Tumekubaliana hivi. Daftari la kuruhusia lipate safu mbili mpya: mahali mama anapokwenda kukaa, maana wengi huenda kwa mama zao na si kwao, na namba ya mhudumu wa eneo hilo. Kwanza mama aulizwe kama anaridhia mhudumu ajulishwe. Akiridhia, muuguzi wa zamu apige kwa simu ya wodi kabla kadi haijatoka mkononi mwake, na aweke saini kwamba amepiga. Mtoto wa chini ya kilo 2.5, mama aliyepata presha, aliyetokwa damu nyingi au aliyefiwa na mtoto, mhudumu aelezwe hivyo waziwazi, ili ajue anaingia nyumba gani. Aliyefiwa naye anatembelewa. Dada alilisisitiza hilo mara mbili.

Tunaanza Jumatatu, zamu ya asubuhi. Dada amenipa orodha ya wajawazito wake waliofikisha wiki 36, nimeikunja ndani ya jalada la daftari, asije mtu akaibandika ukutani. Yule wa kilo 2.2 ataruhusiwa presha ya mama ikitulia, na simu yake nitaipiga mwenyewe.